Tarehe 1 Julai si Siku ya Uhuru: barua ya wazi kwa wenye kijitabu cha uraia wa Kanada

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Uhariri,
Kijitabu cha Maandalizi ya Mtihani wa Uraia, toleo la Kiswahili.

Waheshimiwa,

YAH: MASAHIHISHO YA SURA YA HISTORIA, "KANADA NA MATAIFA MAKUBWA"

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni walimu wa kujitolea na wafasiri wa masomo ya uraia kwa wasemaji wa Kiswahili waishio Kanada: Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya na wengineo wanaosubiri kuapa. Kijitabu chenu ndicho wanachokisoma, kwa kuwa ndicho kilichopo kwa lugha yao. Tumeshawaandikia mara mbili kuhusu sura ya historia. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba maoni yetu yamepokelewa. Ya pili haikujibiwa. Halafu toleo jipya likatoka na makosa yale yale, pamoja na ukurasa mmoja wa nyongeza uliozidisha matatizo. Ndiyo sababu leo tunaandika mbele ya watu.

Kazi mliyoifanya tunaiona. Sura ya haki na wajibu imenyooka, na ya uchaguzi inaeleweka hata kwa mtu aliyeishia darasa la saba. Lakini sura ya historia, ukiikamua, inamwachia msomaji jambo moja tu: Mkanada ni mtu ambaye si Mmarekani. Ukiuliza basi ni nani, kijitabu hakina neno. Wakati historia yenyewe inayo mengi. Kanada ilijitengeneza kidogokidogo, karatasi baada ya karatasi, ikimwegemea mkubwa mmoja ili imzuie mwingine, na mara nyingi ikiwakalia walio wadogo kuliko yenyewe. Hayo ndiyo tunayotaka yaandikwe.

1. Neno "uhuru"

Kijitabu kinasema: "Kanada ilipata uhuru kutoka Uingereza tarehe 1 Julai 1867." Sikukuu ya tarehe hiyo nayo mmeiita "Siku ya Uhuru". Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na limetokana na tafsiri. Kwetu neno uhuru linakuja na picha yake: usiku wa manane, taa zinazimwa, bendera ya mkoloni inashuka, taa zinawaka, yetu iko juu. Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961, Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Kanada haina usiku huo. Mwanafunzi akishaibeba picha hiyo, yote yanayofuata yanamgomea. Kama walikuwa huru tangu 1867, ilikuwaje tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza itangaze vita na Kanada ijikute vitani papo hapo, bila bunge lake kuulizwa?

Kilichofanyika mwaka 1867 ni kuunganishwa kwa makoloni matatu kuwa shirikisho la majimbo manne (Ontario na Quebec, zilizokuwa koloni moja, pamoja na New Brunswick na Nova Scotia), kwa sheria iliyopitishwa na bunge la London. Mambo ya ndani yakasimamiwa Ottawa. Mambo ya nje yakabaki mikononi mwa London. Na haraka ya kuungana kwa sehemu kubwa ilisababishwa na Marekani: vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa imekwisha 1865 wakiwa na jeshi kubwa, mkataba wa biashara na makoloni haya ulikufa 1866, na mwaka huo huo wapiganaji wa Kiayalandi walioitwa Fenian walivuka mpaka kutokea Marekani na kushambulia. Malkia aliidhinisha sheria ya shirikisho tarehe 29 Machi 1867. Kesho yake Marekani ikatia saini kuinunua Alaska kutoka Urusi kwa dola milioni 7.2. Kijitabu kingetaja tarehe hizo mbili tu, darasa lingejifundisha lenyewe.

Sisi darasani tumeacha kuuliza "walipata uhuru lini?" Tunauliza maswali matano madogo, na kila moja lina mwaka wake.

Nani anatia saini mikataba? Hadi 1923 alikuwa Mwingereza, au Mkanada akiwa na Mwingereza pembeni. Wakanada walijifunza hasara yake mwaka 1903, katika shauri la mpaka wa Alaska. Waamuzi walikuwa sita: Wamarekani watatu, Wakanada wawili na jaji mmoja wa Kiingereza, Lord Alverstone. Mwingereza akapiga kura upande wa Marekani, ikawa nne kwa mbili, na Wakanada wale wawili wakakataa kuutia saini uamuzi. London ilihitaji urafiki wa Washington kuliko ilivyohitaji ghuba za Kanada. Miaka ishirini baadaye, tarehe 2 Machi 1923, waziri Ernest Lapointe alitia saini peke yake mjini Washington mkataba kuhusu uvuvi wa halibut, samaki bapa wa Pasifiki ya kaskazini. Balozi wa Uingereza alitaka kuweka na saini yake, Ottawa ikakataa. Ndiyo, ni samaki. Nchi nyingine zina mizinga na mashujaa juu ya farasi, Kanada ina mkataba wa samaki, na wala si jambo la kuonea haya. Walichagua shauri dogo ambalo London isingeona sababu ya kulipigania hadi mwisho.

Nani anatangaza vita? Mwaka 1939 Uingereza ilitangaza tarehe 3 Septemba, Kanada tarehe 10 Septemba baada ya bunge lake kujadili. Wiki ile moja ndiyo somo. Matokeo yalijulikana mapema, lakini safari hii yalipitia Ottawa.

Raia ni raia wa nani? Hadi tarehe 31 Desemba 1946 Wakanada walikuwa kisheria raia wa Mfalme wa Uingereza kama watu wengine wa himaya yake. Sheria ya uraia ilianza kazi tarehe 1 Januari 1947, na cheti namba 0001 akapewa waziri mkuu mwenyewe, William Lyon Mackenzie King. Mnafundisha watu kuomba uraia, lakini mwaka ambao uraia huo ulizaliwa haumo kitabuni!

Mahakama ya mwisho iko wapi? London, hadi 1933 kwa kesi za jinai na hadi 1949 kwa kesi zote.

Katiba inabadilishwa wapi? London pia, hadi tarehe 17 Aprili 1982. Hapa ndipo wanafunzi wanapokwama zaidi, kwa kuwa kijitabu kinasema "uhuru kamili" mara mbili, mara moja kwa 1931 na mara ya pili kwa 1982. Hawajui washike upi. Ukweli ni kwamba Sheria ya Westminster ya tarehe 11 Desemba 1931 ilizipa Kanada na wenzake mamlaka kamili ya kutunga sheria. Lakini Ottawa na majimbo hawakuelewana kuhusu namna ya kuirekebisha katiba, wakaomba wenyewe kazi hiyo ibaki bunge la Uingereza. London haikuwanyima. Ilibaki na funguo kwa sababu wenye nyumba hawakukubaliana nani azishike, na ugomvi huo ukachukua zaidi ya miaka 50.

Siku ya kuzirudisha, Malkia Elizabeth alitia saini nje, mbele ya bunge la Ottawa, mvua ikiwa inanyesha. Kwenye nakala moja ya tangazo lile, inayohifadhiwa katika hifadhi ya taifa, matone yameacha madoa ya wino hadi leo. Tunaonyesha picha yake darasani na haijawahi kushindwa kuamsha mjadala, hasa tunapoongeza kwamba serikali ya Quebec haikukubaliana na katiba ile.

Jambo lingine la hapo hapo: kwenye maelezo ya kiapo mmeandika "Mfalme wa Uingereza". Kiapo kinamtaja Charles wa Tatu kama Mfalme wa Kanada. Mtu ni yule yule, kiti cha kisheria ni kingine, na utengano huo ndio hasa uliopiganiwa kwa karatasi hizi zote. Mkimbizi aliyekimbia nchi iliyotawaliwa na Wazungu akisoma kwamba anamwapia mfalme wa Uingereza, anauliza kwa nini, na ana haki ya kuuliza.

2. Vita ya 1812

Mmeandika: "Mwaka 1812 Wakanada waliishinda Marekani na kuichoma Ikulu yake." Sentensi fupi, makosa mawili, na pengo moja lililo baya kuliko makosa.

Ikulu ya Washington ilichomwa tarehe 24 Agosti 1814 na askari wa Uingereza waliofika kwa meli. Si wanamgambo wa Kanada. Na hakuna aliyeshinda kwa maana mnayoitumia: mkataba wa Ghent wa tarehe 24 Desemba 1814 uliirudisha mipaka palepale ilipokuwa. Marekani ilishindwa kuichukua Kanada, hilo ni kweli na linatosha. Hata wakazi wa Kanada ya Juu, yaani Ontario ya leo, hawakuwa na moyo mmoja, wengi wao walikuwa wakulima waliohamia kutoka Marekani miaka michache nyuma kwa sababu ya ardhi ya bei nafuu, na jenerali wa Uingereza Isaac Brock hakuwaamini.

Pengo ni Tecumseh, kiongozi wa Washawnee, taifa la wenyeji wa asili. Detroit ilipoanguka tarehe 16 Agosti 1812, Brock alikuwa na Washawnee na mataifa mengine ya asili chini ya Tecumseh, na hofu ya wapiganaji hao ilichangia kumfanya kamanda wa Marekani ajisalimishe. Tecumseh aliuawa tarehe 5 Oktoba 1813. Alikuwa anapigania nchi ya watu wake. Waingereza walipoketi Ghent walianza kwa kudai eneo la mataifa hayo, kisha wakaliachia dai hilo ili amani ipatikane. Waliosaidia kuiokoa Kanada wakatoka mikono mitupu.

Kabla ya hapo kuna Watiifu, yaani waliokimbia mapinduzi ya Marekani wakimfuata Mfalme, na nyinyi mmewataja kwa mstari mmoja kama "Waingereza". Kati yao walikuwamo watu weusi wapatao 3,000 waliofika Nova Scotia, wengi wao waliotoroka utumwa kwa ahadi ya uhuru. Ardhi waliyoahidiwa ilichelewa, ikawa ndogo, au haikuja. Mwaka 1792 karibu 1,200 walipanda meli Halifax wakaenda Sierra Leone. Msomaji wenu ni Mwafrika. Mnamnyima ukurasa ambao angejiona.

3. Ushuru ndio uwanja wa ugomvi wenyewe

Kijitabu kinamaliza uhusiano na Marekani kwa habari za hoki, adabu na bima ya afya. Hoki ni nzuri. Lakini kwa miaka zaidi ya 150 Wakanada wamejadili wao ni nani kupitia swali kavu la forodha: bidhaa za Marekani ziingie kwa kiasi gani?

Mkataba wa kupunguziana ushuru ulianza 1854 na Marekani ikauvunja 1866. Mwaka 1879 waziri mkuu John A. Macdonald alipandisha ushuru ili viwanda vizaliwe nchini, sambamba na reli ya kuunganisha mashariki na Pasifiki, iliyokamilika 1885. Mpango huo ulizaa kitu ambacho wengi hawakukitarajia, na ni vyema mwanafunzi akakielewa kwa kuwa hata Afrika Mashariki jambo hili limetokea. Mwenye kiwanda wa Marekani aliyetaka kuuza Kanada bila kulipa ushuru alivuka mpaka akajenga tawi upande huu. Ukuta wa kumzuia ukawa sababu ya yeye kuhamia ndani. Ajira zilipatikana, ila maamuzi yakafanywa kwao.

Mwaka 1911 waziri mkuu wa Kiliberali, Wilfrid Laurier, alikuja na mkataba mpya wa kupunguza ushuru na Marekani. Mwanasiasa mmoja mkubwa wa Washington, Champ Clark, akajitokeza bungeni kwao kusema anatumaini kuona bendera ya Marekani ikipepea juu ya ardhi yote ya Waingereza ya Amerika Kaskazini hadi ncha ya kaskazini. Wapinzani wa Laurier hawakuhitaji hoja nyingine. Alishindwa uchaguzi wa tarehe 21 Septemba 1911, ingawa Quebec alipoteza pia kwa sababu tofauti kabisa, ya jeshi la majini ambalo wengi kule waliliona ni la kuitumikia Uingereza. Yaani mtu mmoja aliangushwa kwa kuonekana yu karibu mno na Washington na, wakati huo huo, karibu mno na London. Hatujui mfano bora wa kufundishia habari hii.

Mwaka 1988 mchezo ukageuka. Chama cha Wahafidhina, kilichomwangusha Laurier, sasa ndicho kilicholeta mkataba wa biashara huria chini ya waziri mkuu Brian Mulroney, na Waliberali ndio walioupinga. Mulroney alipata asilimia 43 ya kura, zikampa viti vya kutosha bungeni, na mkataba ukaanza tarehe 1 Januari 1989. Fundisheni hayo mawili, 1911 na 1988, na mwanafunzi ataelewa habari za jioni.

4. Bendera

Mmeandika kwamba bendera ya jani jekundu "imepepea tangu enzi za mwanzo wa taifa". Ilipandishwa tarehe 15 Februari 1965. Bendera ya Kenya, ya 1963, na ya Tanzania, ya 1964, zote ni kongwe kuliko ya Kanada. Mwambieni Mtanzania hivyo, hatalisahau somo maishani.

Na sababu yake ina mzizi Misri. Mwaka 1956 Uingereza, Ufaransa na Israeli walipoivamia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez, Lester Pearson, waziri wa mambo ya nje wa Kanada, alipendekeza Umoja wa Mataifa upeleke kikosi cha kusimama kati. Kanada ikajitolea kupeleka askari wake wa miguu, kikosi kilichoitwa Bunduki za Malkia Mwenyewe. Misri ikakikataa. Jina la Malkia, sare za mtindo wa Kiingereza, na bendera yenye alama ya Uingereza kwenye kona: mwananchi wa Port Said, mji wa Misri, angemtofautishaje askari wa Kanada na yule aliyempiga mabomu wiki iliyopita? Pearson alipata tuzo ya Nobel ya amani 1957, na akajifunza.

Alipokuwa waziri mkuu alileta suala la bendera mpya mwaka 1964. Zilitolewa hotuba zaidi ya 250 bungeni. Yeye mwenyewe alitaka majani matatu na mistari ya buluu pembeni, kamati ya wabunge 15 ikachagua jani moja. Kura ilipigwa usiku wa manane kuamkia tarehe 15 Desemba 1964: 163 waliunga mkono, 78 walipinga. Maveterani wengi waliumia, kwa kuwa waliizika miili ya wenzao chini ya bendera ile ya zamani. Mkiandika "tangu enzi za mwanzo" mnaufuta ugomvi huo wote, na kuwafuta waliopinga pamoja na waliounga mkono.

Tunaongeza kwa ufupi: kujitoa London hakukumaanisha kusimama peke yake. Agosti 1940, Ufaransa ikiwa imeanguka na Uingereza ikiwa hatarini, Mackenzie King alikutana na Rais Roosevelt huko Ogdensburg, jimbo la New York, wakaunda bodi ya kudumu ya ulinzi wa pamoja. Mlinzi ndiye aliyebadilika. Mwaka 1958 ulinzi wa anga la nchi hizo mbili uliwekwa chini ya kamandi moja, na hadi leo uko hivyo.

5. Mwaka 1923

Tumeueleza mwaka huu kwa upande wa samaki. Una upande mwingine, ambao kijitabu hakiugusi kabisa.

Mwaka huo huo ambao Kanada ilisisitiza kuweka saini yake peke yake kama taifa, chifu wa Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji wa asili, aliyeitwa Deskaheh alisafiri hadi Geneva kwa pasipoti ya watu wake mwenyewe. Alikwenda kuliambia Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, kwamba watu wake ni taifa lenye mikataba na Mfalme, na kwamba Ottawa inaingilia utawala wao. Uholanzi ilikubali kuifikisha hoja yake. Uingereza, kwa niaba ya Kanada, ikahakikisha haisikilizwi. Mwaka uliofuata Ottawa ililiondoa baraza lao la jadi na kuweka baraza la kuchaguliwa chini ya sheria ya 1876 ya kuwatawala wenyeji. Hoja ambayo Kanada ilikuwa inaipeleka London, "sisi ni taifa, tuacheni tuweke saini wenyewe", ndiyo hoja ambayo Deskaheh aliipeleka Geneva dhidi ya Ottawa.

Na tarehe 1 Julai 1923, siku ile ile mnayoiita ya uhuru, ilianza sheria iliyowafungia Wachina karibu wote mlango wa kuingia Kanada. Ilidumu hadi 1947. Wenyeji waliosajiliwa chini ya sheria ya 1876 hawakupata kura ya shirikisho bila masharti hadi 1960.

Mnanukuu usemi maarufu wa waziri mkuu Pierre Trudeau wa mwaka 1969, kwamba kuishi na Marekani ni kama kulala na tembo, unasikia kila anapojigeuza. Ni usemi mtamu. Ila usiachwe peke yake. Kwa Wahaudenosaunee tembo alikuwa Ottawa. Kwa Wabarabaig wa Hanang, Tanzania, tembo alikuja na matrekta: msaada wa Kanada uligharimia mashamba ya ngano yaliyofikia takriban ekari 100,000, na wafugaji waliokuwa wakichunga hapo wakaondolewa, hadi wakafika mahakamani. Baadhi ya wasomaji wenu wanatoka mikoa ya jirani.

6. Quebec si tanbihi

Quebec mmeipa sentensi tatu, zote kuhusu chakula na sherehe. Ondoeni zote. Wekeni hizi: Ufaransa iliikabidhi kwa Uingereza 1763, sheria ya 1774 iliwaachia Wafaransa dini yao na sheria zao za madai, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyowaudhi Wamarekani kabla ya kuasi, kiu ya kujitenga ilipigiwa kura 1980 na tena 1995, ambapo asilimia 50.58 walisema hapana. Kwa Mquebec wa Kifaransa, taifa kubwa la kuhofia mara nyingi limekuwa Kanada ya Kiingereza. Mkongo au Mrundi anayeishi Montreal analisikia hili kazini na kwenye shule ya watoto wake, hata kama kijitabu hakimwambii.

7. Ukurasa mpya

Ukurasa mlioongeza mwaka 2025 unasema "Wakanada wote wamesimama pamoja" dhidi ya ushuru wa Marekani na maneno ya Rais Trump kwamba Kanada iwe jimbo la 51 la Marekani. Hasira ilikuwepo kweli, na tumeona rafu za maduka zikibandikwa alama ya jani. Ila ukurasa hauelezi chochote. Tarehe 27 Mei 2025 Mfalme Charles alikuja Ottawa kusoma hotuba ya kufungua bunge, jambo ambalo mfalme au malkia hakuwa amelifanya tangu 1977. Nchi iliyotumia karne nzima kujitoa London ilimwita mwenye taji ili Washington ione. Aliyesoma pointi zetu za juu anaelewa mara moja kwa nini. Aliyesoma kijitabu chenu atashangaa tu.

Kuhusu majibu tunayoyategemea

Mtasema mtihani hauulizi hayo. Mtihani una maswali 20 na wa kufaulu ni 15, na maswali hutoka kwenye mwongozo rasmi. Sawa. Lakini makosa ya 1867, 1812 na bendera yanaweza kumgharimu mtu maswali ya mtihani huo huo.

Mtasema nafasi ni ndogo. Tumehesabu: aya za hoki, sharubati ya mti wa maple na adabu ni nyingi kuliko za katiba.

Mtasema kukosoa Kanada mbele ya wageni ni kuwavunja moyo. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, katika wito wake wa 93 wa mwaka 2015, iliitaka serikali irekebishe vitabu na mtihani wa wahamiaji ili historia ya wenyeji iingie kikamilifu. Kiapo nacho kilibadilishwa Juni 2021 kutaja haki za Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis, yaani wenyeji wa asili wa Kanada. Mgeni anaapia haki hizo. Msimfiche anachokiapia. Watu waliovuka mipaka mitatu kwa miguu hawavunjwi moyo na mwaka 1923.

Tunachoomba

Kwanza, ndani ya siku 30, toeni karatasi ya masahihisho ya ukurasa mmoja iingizwe kwenye kila nakala iliyopo. Rasimu iko hapa, ichukueni bila kututaja:

"Ukurasa wa historia: badala ya 'Kanada ilipata uhuru 1867' soma 'Makoloni matatu yaliungana 1867 kuwa shirikisho la majimbo manne, lenye kujitawala mambo ya ndani.' Badala ya 'Siku ya Uhuru' soma 'Siku ya Kanada'. Badala ya 'uhuru kamili 1931' soma 'mamlaka kamili ya kutunga sheria, isipokuwa kurekebisha katiba'. Badala ya 'uhuru kamili 1982' soma 'katiba ilianza kurekebishwa nchini'. Badala ya 'Wakanada waliichoma Ikulu' soma 'askari wa Uingereza waliichoma, 1814'. Bendera: 15 Februari 1965. Uraia wa Kanada: 1 Januari 1947. Kiapo: Mfalme wa Kanada."

Pili, toleo lijalo liandikwe upya kwa kufuata maswali yale matano ya pointi ya kwanza. Darasani yanachukua saa tatu: moja ya makaratasi, moja ya ushuru na ulinzi, moja ya wale walioachwa nje ya meza. Tukijaribu kuyabana kwa saa mbili, saa ya tatu ndiyo huwa inakatwa, kwa hiyo tunashauri ianze.

Tatu, sehemu ya Mataifa ya Kwanza isomwe na mtu wao kabla ya kwenda kwa mchapaji, na alipwe kama mhariri mwingine yeyote.

Nne, tupeni jibu la maandishi, pointi kwa pointi. Hata "hapana" tutaipokea, mradi iwe na sababu.

Hadi hapo, tutaendelea kukigawa kijitabu kwa kuwa hakuna kingine, na kila nakala itakayopita mikononi mwetu tutaisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Wenu katika kazi,

Walimu wa kujitolea na wafasiri wa masomo ya uraia kwa wasemaji wa Kiswahili, Kanada